Meno saba au manane: shajara ya kulinganisha sproketi za misumeno ya mnyororo

Mwanzo wa kazi

Mradi huu umeanzishwa katika karakana yetu ya Mikindani ili kulijibu kwa vipimo swali ambalo wapasuaji wa mbao wa Mombasa na vitongoji vyake wamezoea kulijibu kwa masikio. Msumeno ukishafunguliwa ekzosi na kuongezwa mgandamizo, mwenyewe huja kuuliza kama wakati umefika wa kuondoa sproketi, yaani gurudumu la meno linaloendesha mnyororo, ya meno saba iliyotoka nayo kiwandani na kufunga ya meno manane, kwa kuwa amesikia kwamba ya manane inakimbia. Kukimbia inakimbia kweli, na hilo halina ubishi. Linalobishaniwa ni kama gogo linakwisha mapema zaidi, na kama jibu ni lile lile kwenye mwembe, mvinje na mnazi, au hubadilika mtu anapoacha kukata vipande na kuanza kupasua mbao kwa urefu.

Misumeno iliyopo mezani ni mitatu. Wa kwanza, ambao shajara hii itauita A, ni Husqvarna 372 XP katika hali yake ya kiwandani: silinda yenye kipenyo cha milimita 50, mwendo wa pistoni wa milimita 36, na ujazo wa sentimita za ujazo 70.7. Wa pili, B, ni wa modeli hiyo hiyo, ila umefanyiwa marekebisho matatu: tundu la kutolea moshi kwenye sailensa limepanuliwa, gasketi ya chini ya silinda imeondolewa ili mgandamizo uongezeke, na kabureta imepangwa upya. Wa tatu, C, ni Stihl MS 660 yenye silinda ya milimita 54 kwa 40, yaani ujazo wa 91.6, ambayo haikuguswa kabisa na inatumika kama mizani ya kupasulia tu.

Kabla ya kufunga silinda ya B bila gasketi, tulipima nafasi inayobaki kati ya kichwa cha pistoni na paa la silinda kwa njia ya zamani ambayo bado haijapata mshindani kwa bei: kipande cha waya wa risasi wa kuchomelea huingizwa kupitia tundu la plagi mpaka kiguse ukuta wa silinda, injini huzungushwa kwa mkono mara moja, kisha ncha iliyobanwa hupimwa kwa venia. Tulijiwekea kiwango cha nusu milimita kuwa ndicho cha chini kabisa, na B ulikipita kwa kiasi kidogo cha kuridhisha. Msumeno ambao nafasi hiyo imeshuka chini ya hapo haustahili kuingizwa katika jaribio lolote, kwa sababu pistoni inaweza kugonga paa injini ikishika kasi na joto.

Hesabu kabla ya kuwasha

Misumeno yote mitatu inatumia mnyororo wa hatua ya 3/8 ya inchi, yaani milimita 9.525. Hatua hiyo hupatikana kwa kupima kutoka ribiti ya kwanza hadi ya tatu na kugawanya kwa mbili. Kila jino la sproketi hushika kiungo kimoja cha kuendesha, na viungo hivyo vimepishana kwa hatua mbili. Kwa hiyo mzunguko mmoja wa sproketi ya meno saba husogeza mnyororo milimita 133.35, na wa meno manane husogeza milimita 152.4. Injini ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, mnyororo wa meno saba unakwenda mita 20 kwa sekunde na wa meno manane unakaribia mita 22.9.

Ongezeko hilo ni la asilimia 14.3, na ndilo linalotangazwa madukani. Upande wa pili wa hesabu hautangazwi: nguvu ya kuvuta inayofika kwenye meno ya kukata hupungua kwa sehemu moja ya nane, yaani asilimia 12.5. Vijana wa bodaboda wanalielewa jambo hili bila kalamu, kwa kuwa aliyeongeza jino kwenye sproketi ya mbele ya pikipiki hufurahia barabara tambarare na kujuta akifika mlima wa Mazeras na abiria wawili. Sproketi haizalishi nguvu. Inachofanya ni kuchagua nguvu ile ile itumike kwa mwendo au kwa mvuto, na kwa sababu hiyo marekebisho ya injini ndiyo yanayoamua kama kuna ziada ya kutosha kulipia jino la nane.

Kuna jambo dogo la ufundi ambalo humpotezea mtu nusu siku asipolijua. Kuongeza jino moja hula urefu wa hatua moja ya mnyororo pale unapoizunguka sproketi, kwa hiyo ubapa, yaani kile chuma kirefu kinachoongoza mnyororo, hulazimika kurudi nyuma takriban milimita 4.8. Mnyororo uliokwisha kutanuka kidogo huingia bila shida, lakini mnyororo mpya unaweza kukataa ikiwa skrubu ya kukazia imeshafika mwisho. Ndiyo sababu majaribio yote yanatumia minyororo iliyokwisha kufanya kazi kidogo na kutulia. Sproketi zenyewe ni za pete, na pete hubadilishwa bila kugusa dramu ya klachi, jambo linalotuwezesha kubadilisha meno katikati ya gogo moja.

Kabureta na usawa wa bahari

Msumeno B ulinunuliwa Nairobi, mji ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ulikuwa umepangwa kwa hewa ya huko. Hewa ya Mombasa ni nzito zaidi, na kila mkupuo unaoingia kwenye silinda una oksijeni nyingi kuliko ile ya bara. Skrubu ya kasi kubwa ikiachwa pale ilipo, mchanganyiko unakuwa na petroli chache kuliko inavyotakiwa, injini inapata moto, na kwa kuwa mafuta ya kulainisha pistoni huja ndani ya petroli hiyo hiyo, pistoni hukosa vyote viwili kwa pamoja. Ekzosi iliyopanuliwa huzidisha hatari, kwa sababu injini sasa inapumua zaidi na kuhitaji petroli zaidi.

Tulifungua skrubu ya kasi kubwa kidogo kidogo hadi B ulipoanza kugugumia kwa kasi kamili bila mzigo na kunyooka sauti mara tu mnyororo unapoingia kwenye mti. Huo ndio mpangilio tunaoutumia katika majaribio yote. Kazi hii ifanywe hapa hapa Pwani, na ifanywe injini ikiwa imepata joto. Msumeno uliopangwa alfajiri kwenye ubaridi hubadilika ifikapo saa saba mchana, hasa majira haya ya kaskazi ambapo hewa imesimama na jua halina huruma.

Fremu ya majaribio

Kikwazo cha kwanza cha kulinganisha misumeno ni mkono wa mkataji. Mtu akitaka sproketi fulani ishinde, hata kama hajui kuwa anataka, mkono wake utaikandamiza ile anayoipenda kwa namna inayoifaa. Kwa hiyo tumechomelea fremu ya vyuma vya pembe yenye bawaba moja nene, ambayo juu yake msumeno hufungwa na kushuka juu ya gogo kwa uzito wake pamoja na mfuko wa kokoto uliotundikwa nyuma ya kishikio. Mifuko ni miwili, mwepesi na mzito. Kichapuzi huvutwa kwa waya wa breki ya baiskeli unaopita hadi nyuma ya wavu wa chuma, na hakuna anayesimama mbele ya wavu huo mnyororo ukiwa unazunguka.

Kasi ya injini tunaisoma kwa simu. Injini ya mipigo miwili yenye silinda moja huwaka mara moja kwa kila mzunguko, kwa hiyo sauti yake ina hezi sawa na idadi ya mizunguko kwa sekunde: hezi 150 ni mizunguko 9,000 kwa dakika. Programu yoyote ya kuonyesha masafa ya sauti inatosha, na tulipoilinganisha na takometa ya waya wa plagi hatukuona tofauti ya kututia shaka. Njia hii ina faida nyingine ambayo takometa haina, nayo ni kwamba rekodi inabaki, na mtu anaweza kuona injini ilivyopanda na kushuka tangu mnyororo ulipogusa gome hadi kipande kilipodondoka.

Minyororo yote imenolewa kwa tupa ya milimita 5.5 kwa pembe ya nyuzi 30, na vipima kina, yaani vichomozo vilivyo mbele ya kila jino la kukata vinavyoamua litachukua tonge kiasi gani, vimeshushwa milimita 0.65 chini ya ncha za meno. Gome huondolewa mahali pa kukatia, kwa sababu magogo ya mji huu hubeba mchanga, na mkato mmoja kwenye mchanga hufuta kazi yote ya tupa. Utaratibu wa kila jaribio ni saba, manane, manane, saba, ili ubutu unaoongezeka kidogo kidogo ugawanyike sawa kwa pande zote mbili.

Mwembe

Gogo la mwembe lilitoka kwenye kiwanja cha Kisauni kilichokuwa kikisafishwa kwa ujenzi. Lilichongwa kwa shoka upande wa juu na wa chini ili kila mkato uwe na upana ule ule, na ubapa uliotumika ni wa sentimita 50 wenye mnyororo wa viungo 72.

Kwa mfuko mwepesi, meno manane yalitangulia kwenye misumeno yote miwili, A na B. Hata msumeno wa kiwandani, ambao wengi husema hauwezi kubeba jino la nane, ulikata haraka zaidi nalo, kwa sababu uzito uliokuwa ukiusukuma haukutosha kuichosha injini. Ulibaki na nguvu ya akiba, na akiba hiyo iligeuka kuwa mwendo. Tulipotundika mfuko mzito mambo yalipinduka kwa A. Ukiwa na meno saba, sauti yake ilitulia karibu na hezi 150, sawa na mizunguko 9,000 na mnyororo wa mita 20 kwa sekunde. Ukiwa na meno manane iliporomoka hadi karibu hezi 125, ambayo ni mizunguko 7,500, na mnyororo ukawa unakwenda mita 19. Sproketi ya kasi ilikuwa imeleta mwendo mdogo kuliko sproketi ya kawaida, huku injini ikiwa imeondolewa kwenye eneo lake la nguvu kuu, ambalo kwa injini hizi liko juu kidogo ya mizunguko 9,000.

B kwa mfuko ule ule ulijibu vingine. Ulishuka kutoka karibu hezi 160 hadi karibu 144, ambazo kwa mwendo wa mnyororo ni mita 21.3 na mita 21.9. Kwa karatasi manane yameshinda. Kwa gogo, tofauti hiyo ilikuwa ndogo kuliko tofauti iliyopo kati ya mkato mmoja na mwingine wa sproketi hiyo hiyo, kwa hiyo tunaiandika kuwa ni sare.

Tulitandika gunia chini ya fremu na kukusanya kilichodondoka. Vipande vilivyotoka kwenye A wenye meno saba na mfuko mzito vilikuwa bapa na virefu, vikikunjika bila kukatika, na mtu angeweza kuvihesabu kwa vidole. Vya meno manane vilichanganyika na unga mwingi mwembamba uliokuwa na harufu ya kuungua, na dramu ya klachi ilipofunguliwa ilikuwa imeanza kupata rangi ya buluu ukingoni. Klachi hushika kwa msukumo wa mzunguko. Injini ikizama sana inaanza kuteleza, na joto lake huenda moja kwa moja kwenye dramu na kwenye giya ya pampu ya oili iliyo jirani. Jaribio la A kwa manane na mfuko mzito limesimamishwa hapo na halitarudiwa kwenye mti mwingine wowote.

Mikono ya wapasuaji

Baada ya fremu tulitaka kuona watu. Walikuja wawili: mzee mmoja mwenye miaka mingi ya kupasua mbambakofi na mvule kwa mafundi wa majahazi, na kijana ambaye kazi yake ni kuondoa miti iliyoanguka viwanjani. Wote walipewa B, na hakuna aliyeambiwa pete ipi imefungwa.

Mzee alikata kipande kimoja, akazima, akamwambia kijana wetu wa karakana, "Mwanangu, hii inapiga kelele nyingi lakini haitafuni." Alikuwa ameshika yenye meno manane. Kijana alipokabidhiwa hiyo hiyo alisema, "Shikamoo mzee, lakini kwangu mimi hii ndiyo yenyewe," na saa ilimuunga mkono, kwani alikata haraka zaidi kuliko alivyokata na meno saba. Tulipoangalia rekodi za sauti fumbo lilifumbuka. Mzee hukandamiza; amezoea misumeno ya zamani yenye mvuto mkubwa na mwendo wa polepole, na kila anapohisi msumeno unakwenda anauongezea mwili. Kijana huacha msumeno ushuke wenyewe na kazi yake ni kuuelekeza tu. Mmoja ni mfuko mzito na mwingine ni mfuko mwepesi, na kila mmoja alikuwa anasema kweli kuhusu msumeno ulio mikononi mwake.

Kwa maoni yetu hapa ndipo penye kiini cha mabishano yote ya sproketi yanayosikika kwenye mabanda ya mbao kuanzia Kongowea hadi Likoni. Watu wanabishana kuhusu meno ilhali tofauti yao iko mabegani. Mteja anayekuja kuomba meno manane sasa anaombwa kwanza akate kipande kimoja mbele yetu, tusikilize injini inazama kiasi gani, ndipo tumjibu.

Mvinje

Mvinje haukuhitaji maneno mengi. Ni mti mgumu, uzito wake hupita kilo 800 kwa kila mita ya ujazo, na magogo tuliyopata yalikuwa yamekauka chini ya paa kwa muda mrefu. Kwa mfuko mzito B wenye meno manane ulishindwa waziwazi na B wenye meno saba, na kwa mfuko mwepesi ulitangulia kwa kiasi ambacho hakuna mkataji angekihisi. Pete ya nane kwenye mvinje mkavu ni gharama isiyorudi.

Mnazi

Mnazi ulitusumbua kwa namna ambayo hatukuitarajia kwa ukubwa wake. Shina la mnazi halina mti wa ndani na wa nje kama miti mingine. Nyuzi ngumu zimejazana pembeni, ambapo uzito unaweza kuzidi kilo 600 kwa mita ya ujazo, na katikati ni laini, chini ya kilo 400. Kwenye rekodi ya sauti kila mkato ulichora bonde, kilima na bonde tena: injini inazama ikiingia kwenye ganda, inapanda ikifika moyoni, kisha inazama ikitokea upande wa pili. Meno manane yalipoteza muda kwenye mabonde na kuurudisha wote kwenye kilima, na mara nyingine kupata faida juu yake. Mnazi mzee wenye ganda nene uliyapendelea meno saba, na sehemu za juu za shina, ambazo ni laini zaidi, ziliyapendelea manane.

Shida yenyewe ni ubutu. Mnazi humaliza makali upesi mno, kiasi kwamba mwisho wa mzunguko mmoja wa saba, manane, manane, saba, mnyororo hauwi tena ule ulioanza. Utaratibu wetu wa kugawanya ubutu hufanya kazi pale ubutu unapoongezeka taratibu; kwenye mnazi huongezeka kwa kishindo. Kwa hiyo matokeo ya mnazi yamechukuliwa kwa kunoa upya kabla ya kila mkato, kazi iliyokula siku na tupa. Mtu anayekata minazi kila siku angefaidika zaidi kwa kununua tupa ya ziada kuliko pete ya ziada, na hili tunalisema baada ya kuona kwamba mnyororo mkali wenye meno saba uliushinda kwa mbali mnyororo wenye meno manane uliokwisha kukata vipande vichache.

Vipima kina

Swali hili liliingia katikati ya kazi. Ikiwa B una nguvu ya ziada kwenye mwembe, je, nguvu hiyo lazima itumike kwa kuongeza mwendo, au inaweza kutumika kwa kuongeza tonge linalochukuliwa na kila jino? Tulishusha vipima kina vya mnyororo mmoja kutoka milimita 0.65 hadi 0.75 na kuufunga na meno saba. Kwenye mwembe ulikwenda sambamba na mnyororo wa kawaida wenye meno manane. Ulitikisa zaidi, na kwenye mvinje ulirukaruka kwa namna isiyopendeza mikononi, lakini pete haikununuliwa, oili haikuongezwa, na klachi ilibaki baridi. Kwa miti laini tunaona hii ni njia ya kwanza ya kujaribu, mradi tupa ipite sawasawa kwenye kila kipima. Kimoja kikizama kuliko vingine jino lake linagonga na mnyororo unavutwa upande.

Kupasua kwa urefu

Kupasua ndiyo kazi inayowalisha wengi wa wateja wetu, na ndiyo iliyotoa jibu lisilo na utata. Mstari ulipigwa kwa uzi uliochovywa kwenye oili chafu, ubapa ukawa wa sentimita 60 wenye viungo 84, na mnyororo ulinolewa kwa pembe ya nyuzi 10 kama inavyofaa kwa kupasulia. Meno ya mnyororo wakati huo hukabiliana na ncha za nyuzi, na mkato haupumui. Injini inabaki chini ya mzigo kuanzia mwanzo wa gogo hadi mwisho wake bila nafasi ya kupoa.

B wenye meno manane ulianza vizuri kwenye kila ubao na kuzama kabla ya kufika katikati. Mpasuaji alilazimika kuulegeza, kuuacha upande, na kuurudisha, na kila alipofanya hivyo ubao ulipata wimbi ambalo seremala atalilipia kwa randa. Wenye meno saba ulikwenda bila kusimama. Hatukuhitaji saa kujua upi umeshinda. C, pamoja na kuwa haujafanyiwa marekebisho yoyote, ulibeba meno manane kwenye mwembe mwembamba na kuyakataa kwenye gogo pana, na ukiwa na meno yake saba uliipita B kwa starehe. Ujazo wa silinda unafanya kazi ambayo kupanua ekzosi hakuwezi kuifanya kwenye mzigo mrefu, na mwenye kutaka kasi ya kupasua angeweka fedha zake huko.

Joto la B wakati wa kupasua linatutia wasiwasi kuliko sproketi. Plagi yake ilikuwa na rangi nyepesi zaidi baada ya kupasua kuliko baada ya kukata vipande, kwa hiyo skrubu ya kasi kubwa imefunguliwa tena kidogo na msumeno huo hautapasua ubao mwingine bila kukaguliwa plagi katikati ya kazi.

Oili, kuchakaa na suruali

Pampu ya oili huendeshwa na injini, wala haijui mnyororo umekwenda umbali gani. Ukifunga meno manane, kila mita ya mnyororo hupata oili pungufu kwa sehemu moja ya nane kwa mizunguko ile ile. Skrubu ya pampu imefunguliwa ili kufidia, na tunapima kwa kuelekeza ncha ya ubapa kwenye kartoni: mstari wa oili usipoonekana, kazi haianzi.

Kuhusu kuchakaa, kuna kioja cha hesabu. Mnyororo wa viungo 84 hugawanyika kwa saba bila baki, kwa hiyo kila kiungo hukutana na nafasi ile ile ya pete siku zote. Ule wa viungo 72 hufanya hivyo na meno manane. Kama kiungo kimoja kina kasoro, kitachimba mahali pamoja. Pete hutupwa alama zake zikizidi nusu milimita, na kwa kawaida pete moja isivuke umri wa minyororo miwili.

Jambo la usalama linastahili uzito zaidi ya vyote vilivyotangulia, na linaangukia wanaoona meno manane kuwa ni pambo. Suruali za kukinga miguu hupangwa kwa madaraja kulingana na mwendo wa mnyororo ambao kitambaa chake kilijaribiwa: daraja la 1 ni mita 20 kwa sekunde, la 2 ni mita 24, na la 3 ni mita 28. Injini ikizunguka huru mara 13,000 kwa dakika, mnyororo wa meno saba hufika karibu mita 28.9 na wa manane mita 33. Daraja zote tatu zimeshapitwa, na nishati iliyomo ndani ya mnyororo kwa mizunguko ile ile imeongezeka kwa takriban asilimia 31, kwa sababu hukua kwa mraba wa mwendo. Msumeno ukiruka nyuma, au mnyororo ukikatika, nishati hiyo ndiyo inayomfikia mtu. Wengi wa wapasuaji tunaowahudumia hufanya kazi kwa suruali ya jinzi na kandambili. Karakana imeamua kwamba pete ya meno manane haitafungwa kwa mteja asiyekuja na buti na kinga ya miguu, hata akiwa na fedha mkononi.

Hali ilivyo sasa

A umerudishiwa meno saba na utabaki nayo. B una pete mbili kwenye sanduku lake: ya nane kwa ubapa wa sentimita 50, mwembe na sehemu za juu za mnazi, mikononi mwa mtu asiyekandamiza, ya saba kwa mengine yote. Mzee wa mbambakofi alipoelezwa alichagua kuacha ile ya nane sandukuni, na hatukumbishia.

Linalofuata ni mnyororo wa hatua ya 0.325, yaani milimita 8.255. Ukifungwa na meno manane, mzunguko mmoja husogeza milimita 132.08, karibu sawa kabisa na milimita 133.35 za mnyororo wa sasa wenye meno saba, ilhali meno yake ni madogo na yanapita karibu karibu zaidi. Tunataka kuona kama B utapasua mnazi kwa ulaini zaidi kwa mwendo ule ule. Pete ya hatua hiyo imeshapatikana dukani Mwembe Tayari. Ubapa wenye pua inayolingana umeagizwa, na majaribio yataanza ukifika, kwa fremu ile ile na mifuko ile ile ya kokoto.